Gitaa la Pili

Miaka kumi na minne nilimsikiliza kaka yangu
ndani ya bakuli.
Simu nailaza humo, bakuli la bati, jikoni,
ili sauti ipate kimo,
na wimbo unatoka umekondeana kama aliyeugua homa:
solo ipo, mwimbaji yupo, tarumbeta zinakwaruza,
Mbwana hayupo.

"Huyo ndiye ami yenu," nawaambia wanangu.
Wanatega sikio, kwa adabu,
kisha wanatazamana.
Rithimu! Nani husikia rithimu?
Ni chumvi hiyo. Haiulizwi iko wapi
mpaka ikosekane.

Mazishi yake pia niliyasikia kwa simu ile ile,
mtandao ukiikatakata talkini.

Jumamosi moja, Huddersfield,
mvua ile isiyonyesha wala kuacha,
niliingia dukani kwa Winsome kukwepa baridi,
nikajifanya mnunuzi.
Na kwenye kona, mbili, zanifika kifuani,
za plaiwudi, samawati iliyobabuka,
pembe zimepigwa bati kama masanduku ya safari.
"Za baba," akasema. "Aliziunda mwenyewe.
Mashine za kiwanda cha sufu zilikuwa zimemla masikio,
kwa hiyo muziki akawa anausikiliza kwa tumbo."
Bei? Akataja. Nikacheka. Naye akacheka.
Akashusha.
Nikaacha kucheka.

Nilizisukuma kwa toroli la supamaketi, moja moja,
safari mbili, mlima mzima wa Crosland Moor,
magoti yakinitukana kwa Kizigua.
Mwajabu alinipokea mlangoni, mikono kiunoni:
"Nilikuomba kabati.
Umeniletea makabati mawili yasiyo na milango."

Santuri nilikuwa nayo siku zote,
imefungwa kwenye kikoi chini ya kitanda
kama hati ya shamba lililokwisha uzwa.
Nikaipangusa. Nikaunga waya, nyekundu kwa nyekundu.
Sindano ikashuka.
Kwanza mchakacho, wa mafuta yanayokaribia kuiva.
Kisha besi, haikuja masikioni,
ilipita sakafuni, ikanipanda nyayo, ikabisha hodi mbavuni,

na hapo, kushoto, nyuma kidogo ya ngoma,
kama mtu aliyesimama kizingitini hajakaribishwa,
chwaka-chwa, chwaka—chwa,
mkono wa kaka yangu.

Mkono ulionifunga kamba za viatu.
Mkono wa vidole vinne;
cha tano kilibaki kwenye mashine ya mkonge,
na ndiyo maana pigo la nne linachechemea,
lilichechemea hata studio, siku hiyo,
na hakuna aliyelifuta.

Solo anapandwa na mori, anakimbia.
Mwimbaji anamfuata, tarumbeta zinamfuata.
Mbwana hakimbii.
Alikuwa hivyo hata stendi siku naondoka:
wote wanalia,
yeye anahesabu mizigo yangu.

Bwana Ollerenshaw akagonga ukuta. Mara tatu.
Nikapunguza,
na Mbwana akatoweka palepale, akarudi bakulini.
Nikaongeza. Kidogo. Kidogo tena,
kama atiaye maji kwenye unga,
hadi nikapata mahali ambapo kaka yupo
na jirani hajagonga.
Ni pembamba, pembamba kama ukucha,
kati ya nne na tano.
Nimepachora alama kwa kalamu nyekundu,
na Mwajabu anapofuta vumbi
hapagusi.

Jumapili alikuja Shani, kitinda mimba wetu,
akaketi chini, mgongo kwenye plaiwudi,
simu mkononi, macho kwenye simu.
Sikumwambia neno. Nimekwisha sema sana.
Wimbo ukafika kati.
Nikaona kidole chake kikigonga zulia,
moja, mbili, tatu,
kikasita hewani.

"Baba," akasema,
"huyu wa nyuma, mbona la nne analichelewesha?"