Upindo

Januari nilimpima Mejumaa
barazani kwangu, Barabara ya Kumi na Nne:
kiuno inchi ishirini na tano,
sketi ya buluu, marinda manne mbele, manne nyuma,
upindo vidole vitatu,
maana mama yake alisema mtoto anakua
na kitambaa kimepanda bei.

Aprili alikuja peke yake, saa saba mchana,
Ngamiani yote imerudishia milango, inakula.
Nitolee kidogo, fundi.
Nikafumua.
Wiki ya tatu akarudi: weka lastiki.
Futi haijui kusema uongo.
Nikaandika thelathini kwenye daftari,
nikapiga mstari chini yake.

Ningekomea hapo.
Lakini jioni ile Bi Rukia wa Makorora
alifuata gauni lake la harusi,
na mdomo una uzi wake,
ukivutwa mmoja vazi zima linafumuka.
Nilisema tu, "Watoto wa siku hizi wananenepa."
Nikacheka.
Akacheka na yeye.

Siku ya nne ikafika shuleni.
Matroni alimlaza juu ya meza ya maabara
akamminya tumbo
kama anayechagua papai sokoni,
wenzake wamejazana dirishani.
Siku ya tano ikafika kwa baba yake.

Sikuwepo.
Nilisikia, kama mtaa ulivyosikia,
redio zikipandishwa sauti nyumba hii, nyumba ile,
na yangu.
Nilikanyaga cherehani mpaka usiku
nikashona kitu kisicho na mwenyewe.

Mwenye mimba namjua. Suruali zake nashona mimi.
Hupita na baiskeli, kengele mara mbili,
"Za kazi, fundi?"
"Njema."
Yeye hakuna aliyemlaza mezani.

Leo mama mtu kaleta ile sketi
imekunjwa ndani ya mfuko wa rambo.
Ipunguze, ataivaa mdogo wake.
Nikaigeuza ndani nje, kama desturi ya kazi.
Kifungo hakipo.
Mshono wa ubavuni umeachia, na mshono ule
niliupiga mara mbili.
Kiunoni alama ya bizimu, pembe nne, imezama kwenye kitambaa,
na doa kubwa lililofuliwa kwa jiki
likabaki na rangi ya chai.

"Yuko wapi?"
"Bombo."
Akatazama barabarani.
"Yeye yuko hai," akasema,
wala hakuendelea.

Mdogo mtu anaitwa Tunu. Miaka kumi na moja.
Alisimama wima, mikono mbali na mwili,
na futi ilipomzunguka
akavuta tumbo ndani
asivute pumzi tena mpaka nilipoitoa.
Safari hii sikuandika.

Sikukata kitambaa. Nimekikunja kwa ndani,
nikashikiza kwa mkono, mishono mirefu
ya kufumuliwa kwa vuto moja.

Mama akauliza bei.
Nikafungua kinywa,
uzi ungali katikati ya meno.