Mkata Sampuli

Miaka ishirini na sita, ghala la Mtama,
kazi yangu ilikuwa kubashiri.
Bambo linachoma gunia, linatoka na korosho chache,
napima kilo, nazikata moja moja kwa mkasi,
nzima huku, zenye madoa kule, mapooza pembeni,
kisha natamka neno moja na lori zima linapata bei.
Sikuwahi kukosea sana.
Wakulima walinichukia kwa adabu.

Kwa hiyo Daktari Mapunda alipogeuza kompyuta yake,
wiki ya sita tangu anitoe kibofu,
nilimjua kabla hajafungua kinywa:
mwenzangu kazini.

Naye alikuwa amekata.
Uvimbe, akasema, uliula ukuta zaidi ya nusu.
Tezi kumi na nne zilitolewa, moja ina kasoro.
Figo zinafaa. Umri sitini na moja.
Sigara? Tangu nina ndevu.
Kichocho utotoni?

Nikacheka. Nani wa Rutamba hakuwa nacho?
Tulioga ziwani, tukakojoa,
na mwishoni matone mawili matatu mekundu mchangani.
Tukashindana nani mwekundu zaidi.
Tukaambiana huo ndio ukubwa,
wasichana wana wao, na sisi tuna wetu.
Ukubwa ukaondoka.
Ukarudi nina miaka hamsini na tisa,
chooni, alfajiri, bila maumivu yoyote,
na sikuwa na wa kushindana naye.

"Katika watu mia kama wewe," akasema,
"baada ya miaka mitano, hamsini na watano wapo."

Nikamuuliza kile ambacho kila mkulima aliniuliza:
Na zangu je?
Akanyamaza. Alinyamaza vizuri,
mimi nilikuwa nikinyamaza vibaya.
Maana bambo halijui korosho, linajua gunia.
Nimewahi kukata korosho safi
kutoka mzigo uliokataliwa;
ikaniangukia kiganjani, nyeupe, imejikunja kama kichanga,
nikaitupa ndooni na wenzake
nikaandika daraja la pili.

Mfuko ukijaa una joto. Hilo hakuna aliyeniambia.
Unalala ubavuni kama paka wa jirani.
Shehe Mchopa kanisomea: mwenye udhuru
atatawadha kila wakati wa swala, ataswali,
mfuko una kitu au hauna kitu,
Mungu anaona chini ya kanzu.

Nyumbani nikampa Somoe hesabu yote,
hamsini na watano huku, arobaini na watano kule.
Hakuitaka. Aliendelea kukuna nazi.
"Mfuko mmoja unakaa siku ngapi?"
Tano, ukibandikwa vizuri.
Akafuta mikono, akachukua mkaa,
akaandika nyuma ya stakabadhi ya ghala,
akainamia namba, akarudia.
"Miaka mitano ni mifuko mia tatu sitini na mitano."
Nikadhani ananitania.
Nikahesabu mwenyewe. Kweli.
"Boksi lina kumi. Tununue maboksi thelathini na saba,
taratibu, kila malipo ya mnada mawili, matatu."

"Itabaki mitano," nikasema,
kwa kuwa sijui kuacha hesabu ikapita.

"Nyongeza," akasema.
"Nani ananunua kitu Mtama bila nyongeza?"

Leo uvunguni yapo maboksi manne,
yameegemea salfa ya mikorosho ya msimu ujao.
Usiku nashusha mkono, nayapapasa,
moja, mbili, tatu,
la nne liko mbali kidogo, silifikii.
Salfa inanuka.
Somoe anakoroma.