Chini ya Zulia la Nyuma

Ilpo alileta springi mpya mwezi wa pili,
zimeviringwa kwenye gazeti la Oulu,
za bluu, ngumu, fupi kama hasira zake.
"Funga hizi. Nataka gari lisiyumbe konani."

Tuulikki hakujibu. Alilipandisha kwa jeki,
gari jekundu la viti viwili,
akang'oa zulia la nyuma, akamulika.
Pale boliti ya fremu inapoing'ata sakafu
palikuwa na ufa, mwembamba
kama unywele ulionasa kwenye sabuni.
Akauwekea ukucha. Ukucha ukazama.

Springi laini husamehe, alimwambia.
Shimo likipiga, zenyewe hulinywa pigo.
Hizi zako hazinywi: hupokea na kukabidhi,
na anayekabidhiwa ni huyu,
bati la milimita moja
lililolala na chumvi ya barabarani
majira thelathini ya baridi.
Nguvu ukiikaribisha nyumbani
huuliza kwanza, mnyonge ni nani?

Wahenga waliishia kwenye ufa na ukuta.
Hapa hakuna ukuta. Kuna sakafu,
na chini ya sakafu, lami inayokimbia.

Nje, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Ndani, grenda.
Kutu ikaruka, rangi ya majani ya chai,
na chini yake akaukuta mchomeleo wa zamani,
umevimba, umepinda,
kazi ya mtu asiyejua ila hakutaka kungoja.

"Wa Reijo," Ilpo akasema.
Kaka yake. Usiku mmoja, mashine ya kuazima,
asubuhi walikuwa na safari ya Rovaniemi.
Walifika. Wakarudi.
Ukadumu kuliko Reijo mwenyewe.

"Bamba jipya halikai juu ya uvimbe."
"Najua."
Akaifunga zipu ya koti mpaka kidevuni.
"Kata."

Mabamba manne, ya milimita tatu,
aliyapima kwanza kwa boksi la biskuti.
Alichomelea sentimita mbili huku,
akahamia kule, akasubiri,
maana chuma kikichomwa kwa pupa
hukunja uso, hakikunjuki tena.

Siku ya nne Ilpo aliondoka.
Kile kipande kilichokatwa, upana wa kiganja,
alikiweka kwenye kiti cha pili.
Kona ya kwanza, karibu na kiwanda cha mbao,
gari halikuyumba hata chembe.
Kipande ndicho kilichoteleza,
kikagonga mlango
kama mtu anayetaka kushuka.