Rangi Ikiondoka

Suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale,
jaza hadi shingoni, ziba.
Iwe ya plastiki, kwani floraidi hula kioo.
Mbaruk, bomba la nne, saa mbili na robo:
naandika, wino unanichafua kidole.

"Maji yetu hayana taka," asema Wangeci,
na kweli hayana. Yanatoka mita mia mbili chini,
baridi, maangavu.
Yangekuwa na tope, angalau tungeelewana.
Anacheka, kiganja mdomoni.
Kiganja kile nakijua.
Picha zangu zote za shule nimefumba midomo.

Nyuma ya gari natia matone ya dawa.
Yanaiva mekundu.
Hapa mambo ni kinyume: rangi ikikaa, salama;
rangi ikiondoka, ndipo uogope.
Nahesabu dakika. Wekundu unakonda,
unakuwa waridi la shuka lililofuliwa mno,
unakuwa karibu si kitu.

Sita nukta nne.
Kinachoruhusiwa ni moja na nusu.

"Nikichemsha je?"
Ukichemsha, Wangeci, maji ndiyo yatakayopaa.
Floraidi itabaki sufuriani, imekolea.

Hapo mwanawe Ndegwa anaponifikia,
anapanua mdomo nimwone shujaa:
jino limeng'oka jana, kalirusha juu ya paa.
Nainama kulichungulia pengo,
jekundu, safi, linang'aa mate.
Jino lijalo halijachomoza,
na tangu azaliwe
linakunywa.