Vipeperushi Vitatu

Januari, Portlaoise. Mvua imesimama
dirishani kama mdai.
Mama ametandaza vipeperushi vitatu
kati ya siagi na bili ya umeme.
Chagua, Muireann, kabla nafasi hazijaisha.
Wiki tatu za kiangazi, kwa watu
ambao bado wanaota kwa Kiayalandi.

Nina miaka kumi na minne.
Kiayalandi changu ni cha dawatini:
naweza kuomba ruhusa ya kwenda chooni
kwa ufasaha usio na dosari.
Zaidi ya hapo, nakwama.

Cha kwanza, Konamara. Huko wanakwenda wote,
Sorcha, Aoibhe, na yule Lorcán wa darasa la juu
ambaye jina lake silitaji mezani.
Wasichana ishirini wanaruka kutoka gatini,
wote wana meno.
Sorcha ameshaniandikia mara sita:
Umelipia? Umelipia?

Cha pili, Kerry. Uwanja wa tenisi,
dansi za asili kila usiku, simu saa moja kwa siku.
Baba anakisifu. Binamu yake
alikwenda huko mwaka themanini na tatu,
akarudi na mchumba na chawa.

Cha tatu ni karatasi moja, fotokopi ya fotokopi,
Donegal, juu kabisa,
ambako basi hufika limechoka.
Ukumbi wenye paa la bati. Mbwa kalala mlangoni.
Kanuni zimekolezwa wino kuliko jina la chuo:
neno la kwanza la Kiingereza, onyo.
La pili, onyo.
La tatu, basi la alfajiri, kwenu.

Mama anapiga hesabu nyuma ya bahasha,
ada, nauli, viatu vya mvua, fedha za peremende.
Konamara imezidi kwa yuro mia mbili.
Hasemi. Kalamu ndiyo inayosema,
inaizungushia ile mia mbili duara
juu ya duara, mpaka karatasi inatoboka.

Ningependa kusema nilichagua
kwa kuihurumia pochi yake. Si kweli.
Wala si kwa ajili ya Bibi Síle,
ingawa Shangazi Gráinne husimulia hivyo
kila akipata wasikilizaji.

Bibi alikuwa wa huko, ndiyo.
Kila Jumapili simu ililia,
na sauti yenye kikohozi ikauliza:
Cad é mar atá tú, a thaisce?
U hali gani, hazina yangu?
Alifariki nikiwa na miaka sita.
Nilipofika tisa, nikayaandika maneno yake
kwenye daftari la shule, kama alivyoyasema.
Mwalimu akayapigia mstari mwekundu.
Sisi hapa, akasema, hatujuliani hali hivyo.

Nikafuta. Nikaandika ya kitabuni.
Kumi kwa kumi, na nyota ya kubandika.

Basi ni kile kifutio.
Ni yale makombo ya mpira
niliyoyapuliza yakaanguka sakafuni.

Nikaweka kidole juu ya mbwa.
Huko hutamjua mtu, Mama akasema.
Sorcha alininunia siku mbili,
ya tatu akaniuliza kama mbwa ana jina.

Chuo hakikuwa na fomu mtandaoni,
namba ya simu tu. Piga wewe, Mama akasema,
si ndiwe unayekwenda?
Ikalia mara nane, huko mbali
mtu akaburuta kiti, kisha mwanamke:
Cad é mar atá tú?

Vile vile. Hata kikohozi.

Kinywa kikakauka.
Miaka kumi ya masomo ikanitoroka yote
isipokuwa sentensi moja, nikaisema:
Naomba ruhusa ya kwenda chooni.

Kimya. Kisha kicheko kirefu, cha kifuani,
mbwa naye akabweka nyuma yake.
Ruhusa unayo, mwanangu, akasema, polepole
ili nifuate. Choo kipo.
Na kitanda kimoja kimebaki, karibu na dirisha,
ila dirisha halifungi vizuri.
Jina lako nani?