Pamba ya Mabegani

Tulisema tunakwenda kununua unga.
Kila Jumamosi nusu ya Encarnación ilikwenda kununua unga
ng'ambo ya mto Paraná, huko Posadas,
na Eligio, askari wa kivukoni, hakuuliza
ni unga gani huo unaonunuliwa usiku
na watu wasiobeba mifuko.

Mimi nilikuwa fundi cherehani wa kambi.
Niseme wazi: mabega ya Kanali Ocariz niliyashona mimi.
Chini ya kitambaa kuna turubai,
chini ya turubai kuna pamba,
na chini ya pamba, Mungu anisamehe,
mabega ya karani wa posta.
Siri hiyo niliimeza miaka tisa.

Sinema yenyewe ilikuwa ghala la zamani la yerba,
viti vya mbao, mashine inayokohoa,
na pazia la shuka mbili zilizoungwa katikati
kwa mshono mbaya, mbaya sana
(jicho la fundi halilali).
Taa zikazimwa. Akatokea Jenerali.

Kila akisema uongo, mabega yanavimba.
"Hakuna njaa nchini." Inchi moja.
"Wananchi wananipenda." Inchi nne,
vifungo vikaruka, kimoja kikazama
kwenye supu ya balozi.
Wakapanua mlango wa ikulu.
Akahutubia tena; wakabomoa ukuta.
Mwishowe akawa anatembea upande, kama kaa,
kifua kimetuna kwa hadhi yote, miguu ikienda kwingine,
na nyuma yake mawaziri, wembamba kama vijiti vya meno,
nao upande upande,
kwa adabu.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe.
Tumpishe wapi, jamani,
naye ameujaza mlango mzima?

Nikasikia kicheko kikavu, kama kaniki inayochanika.
Nikageuka kumtafuta mwenyewe.
Kumbe ni mimi.

Ña Deolinda, ambaye mwanawe alichukuliwa mwezi wa Februari
na hadi leo hana kaburi la kupalilia,
hakucheka. Alitazama tu,
midomo ikihesabu,
kama mtu anayepima kitu kwa macho.
Tulipokuwa kivukoni, maji meusi pande zote,
alisema neno moja: "Pamba."
Hakuniambia mimi.
Nadhani hakuniambia mimi.

Sitawadanganya. Filamu ile haikufungua gereza hata moja.
Mwalimu Wilfrido alikaa ndani siku arobaini
kwa kuwa wanafunzi wake waliingia darasani
upande upande, mmoja mmoja, kimya,
na polisi walipouliza huo ni mchezo gani
akajibu: mlango ni mwembamba, afande.
Alirudi bila meno mawili ya mbele.
Sasa akicheka hufunika mdomo kwa kiganja.
Lakini hucheka.

Na watoto hawakuacha.
Walipita hivyo kwenye lango la kanisa,
kwenye duka la mkate, kwenye uwanja
mbele ya ile picha kubwa yenye medali,
na huwezi, hata ukiwa na bunduki,
kumkamata mtoto kwa kosa la kwenda upande.

Sijui woga unaishaje.
Najua nguo inavyoisha:
uzi mmoja, kwapani,
mahali asipotazama mtu.

Jumatatu Kanali alikuja kupimwa kwa gwaride la Mei.
Mlangoni, mlango ule ule wa miaka tisa,
aligeuza bega. Kidogo tu.
Nikauma pini.
"Kuna nini?"
"Imenichoma, Kanali."

Akajitazama kiooni kwa muda mrefu,
akavuta pumzi, akanyanyua kidevu.
Akasema naona mabega yamelegea.
Nikasema ndiyo, Kanali, hata mimi naona.

Nikafungua mfuko wa pamba.