Kola Nyeupe Kisogoni

Waliosema kunguru ni mwoga, hukimbiza mbawa zake,
hawakuwa na mbuzi anayezaa alfajiri
nyuma ya nyumba, Uru,
siku ambayo gari la maziwa halimsubiri mtu.

Mama alikwenda barabarani na ndoo.
"Usibanduke, Apolinari, mpaka kondo la nyuma litoke."
Nikabanduka. Chaji ya simu. Dakika nne,
tano ukihesabu na mlango uliokwama.

Walikuwa wawili.
Si wale wa stendi mjini
wanaogombea mifupa na mabaki ya chipsi;
hawa ni wa mlimani, mdomo mnene kama koleo,
na kisogoni doa jeupe:
padri aliyevaa kola nyuma mbele.

Mmoja alimvuta mbuzi mkia.
Ndiyo, mkia. Anavuta, anaruka, anavuta tena,
mpaka mbuzi, damu bado ikimtoka,
akageuka kumpiga pembe.
Wa pili alikuwa anangoja mgeuko huo.
Hakuharakisha.
Mtoto alikuwa na utando mwilini,
hajasimama hata mara moja.

Mama aliporudi aliweka ndoo tupu chini
polepole, kana kwamba imejaa.
Hakunipiga. Afadhali angenipiga.
Aliosha yale matundu mawili kwa maji ya chumvi,
akamshika mtoto kichwa, akamsogeza kwenye chuchu,
akasema, wala si kwangu: "Huku. Huku."

Jumamosi nikaupanda mgrivilea wa mpakani.
Kiota kilikuwa cha vijiti, nyaya, kamba ya manila,
na ndani kimetandikwa manyoya
meupe na ya kahawia.
Nikayajua.
Walikuwa wakimnyonyoa mgongoni tangu Januari
nasi tukisema ana ukurutu.
Juu ya manyoya yetu, makinda matatu,
uchi, mekundu, vinywa wazi kunidai,
na macho, yote sita, hayajafunguka.

Nilikaa pale juu.
Chini kabisa mabati ya Moshi yalimeta;
nyuma yangu Kibo imejifunika, haitaki kuona.
Nilikuwa na panga kiunoni na sababu ya kutosha.
Kiota kilishuka.
Msiniulize kilishukaje.

Tangu hapo wananijua kwa sura.
Si Mama, si jirani Melkiori mwenye shati kama langu. Mimi.
Nikipita na majani ya ng'ombe begani
wanakuja chinichini, kimya,
hadi upepo wa bawa unipige sikioni.
Nilivaa kofia ya marehemu baba; wakanijua.
Nilivaa ndoo. Watoto wa shule walicheka wiki nzima,
na ndoo ikagongwa.
Kunguru hafugiki, wanasema. Sawa.
Mimi nimefugika: natoka wakilala,
narudi kabla hawajashuka.

Na yule mdogo amekua, pembe zimechomoza.
Anazunguka bandani bila kugusa nguzo.
Hatua za Mama anazijua, zangu anazijua,
na akizisikia zangu hakimbii, sijui kwa nini.
Wakiwa bado ng'ambo ya mfereji,
kabla sijasikia chochote mimi mwenye macho,
yeye anaacha kutafuna.
Anainua kichwa. Masikio yanageuka kaskazini.

Nami naingia ndani.